Mkojo Unachoma, Nina Mimba: Nimeze Dawa Gani?

SWALI: Daktari, nina mimba ya miezi mitano, naishi Bilele, Bukoba. Mkojo unanichoma. Duka la dawa wameniuzia doksisaiklini. Nimeze?

JIBU: Usimeze. Doksisaiklini na ndugu zake hujikita kwenye meno na mifupa ya mtoto; meno yanaweza kuota yakiwa na rangi ya kahawia isiyosugulika. Kama umeshameza kidonge kimoja au viwili, usihangaike, acha tu na umwambie mkunga.

Lakini usikae bila tiba. Woga wa dawa nao unaumiza: maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) yakipanda kwenye figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Nenda kliniki na kadi yako, upimwe mkojo. Una homa? Pima na malaria, huko kwenu Kagera haikosekani.

Sefaleksini na amoksilini hutumika sana kwa wajawazito, ingawa vijidudu vingi vya mkojo vimeizoea amoksilini, ndiyo maana kipimo kina faida. Sema kama penisilini iliwahi kukutoa vipele. Nitrofurantoini inafaa sasa, si karibu na kujifungua.

Maliza dozi. Ukitetemeka, ukatapika au kuumwa kiuno, nenda hospitali siku hiyohiyo.