Rozimari: Maua ya Nyuki Kando ya Boma



Akina mama wengi wanatuuliza mbona maboga yao yanachanua vizuri, kisha viboga vinageuka manjano na kuanguka vikiwa vidogo kama yai la kuku. Wengine wanasema ni jicho la jirani. Tuangalie ua kwanza. Mmea wa boga una maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na ni nyuki hasa anayebeba ule unga wa chavua kutoka moja hadi jingine. Nyuki asipofika, boga halishiki.

Lakini nyuki hakai penye njaa. Kahawa ikimaliza kuchanua, atakula nini kwetu? Hapo rozimari inafaa. Ikishashika inadumu miaka mingi, haitambai ovyo shambani, ina maua madogo ya samawati, na majani yake tunatia kwenye nyama. Asili yake ni vilima vikavu vya kando ya Bahari ya Mediterania, kwa hivyo kiangazi cha Kieni haikiogopi sana.

Msinunue mbegu, zinachelewa mno kuota. Ombeni matawi machanga ya sentimita 10 hadi 15, toeni majani ya nusu ya chini, mchomeke kivulini kwenye udongo uliochanganywa na mchanga. Mizizi hutoka baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Hamisheni mvua ya Machi au Oktoba ikianza, mkiacha sentimita 60 kati ya mche na mche.

Hapa tuungame kosa letu. Kitalu chetu cha kwanza tulikimwagilia asubuhi na jioni kama sukuma wiki, na samadi juu yake. Karibu miche yote ilioza mizizi. Subirini udongo ukauke kidogo ndipo mtie maji. Penye udongo mweusi unaotuamisha maji, pandeni juu ya tuta. Udongo mwekundu wa Tetu na Mathira hauna taabu hiyo.

Maua yakiisha, kateni ncha za kijani tu. Tawi kuukuu lisilo na majani likikatwa, mara nyingi halichipuki tena.

Na dawa ya nyanya? Ukipuliza asubuhi, utawaua nyuki uliowaita mwenyewe. Kama ni lazima, ngoja jioni wakisharudi mzingani.

Maswali ya kikundi:
1. Hapa kwetu, ni miezi gani haina maua?
2. Nani ana rozimari ya kutugawia matawi?
3. Nani anapuliza dawa mchana karibu na mizinga, na ni nani kati yetu atakwenda kuongea naye?