Semina Nazo ni Habari

Swali: Mimi ni mpigapicha wa habari za televisheni. Kila siku ni semina na kukata utepe. Nijivunie nini?

Jibu: Ndugu yangu, hata mpigapicha Mohamed Amin wa Nairobi, aliyeionyesha dunia njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984, alikuwa ameshapiga picha za habari kwa miaka mingi kabla ya hapo. Meza kuu (jamani, hiyo meza kuu!) ipige upesi, kisha geuza kamera. Mtafute mama wa safu ya nyuma anayenakili kila neno. Chukua uso, halafu kalamu, kila shoti sekunde kumi bila kutikisika, mhariri apate pa kukatia. Vaa hedifoni, maana sauti iliyoharibika ukumbini ni vigumu kuiponya studioni. Usiku itazame taarifa yenyewe. Yule mama akionekana, hiyo ni kazi yako. Jivunie.