Joto la bahari linavyoamua umande shambani kwako



Vuli ya 2019 nilikuwa na nusu eka ya nyanya Kibaha, karibu na bonde la Mto Ruvu. Nilipiga dawa ya ukungu kila baada ya wiki mbili, kama nilivyozoea. Mvua haikatiki, majani yanabaki mabichi mpaka saa nne asubuhi. Bakajani ilianzia majani ya chini, na ndani ya siku kumi shamba lilikuwa kama limeunguzwa moto. Afisa ugani mzima nikaambulia matenga matatu! Dawa haikuwa mbovu. Nilifuata kalenda bila kujua bahari inafanya nini.

Bahari inaingiaje shambani?

Unyevu mwingi wa hewa yetu huku Pwani unatoka Bahari ya Hindi. Maji yakipata joto, mvuke unaongezeka na upepo unauleta nchi kavu. Mwaka 2019 upande wetu wa bahari ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na vuli ikawa ya mafuriko. Mwaka 2022 mambo yaligeuka: joto likahamia kule, vuli ikawa hafifu, Ruvu ikapungua mpaka Dar es Salaam na Pwani wakapata maji kwa mgawo.

Mbona mchana ni mkavu?

Hapa vijana wengi wanachanganyikiwa. Chukulia hewa ni ndoo. Kila joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, ndoo inapanuka kwa karibu asilimia 7. Bahari inamwaga mvuke zaidi, sawa, lakini nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari. Kwa hiyo ndoo inapanuka kuliko inavyojazwa. Saa nane mchana hewa ina kiu, inanyonya maji kwenye majani na udongo. Usiku joto likishuka, ndoo inasinyaa, mvuke uleule unageuka umande. Yaani siku moja mmea unapata kiu mchana na ukungu usiku.

Tufanye nini?

1. Kabla ya vuli, sikiliza utabiri wa msimu wa TMA. Usiishie kwenye neno "wastani" au "juu ya wastani". Sikiliza pia wanachosema kuhusu joto la Bahari ya Hindi.

2. Upande wetu ukiwa na joto: panda kwa nafasi kubwa, inua matuta, simika miti ya nyanya, ondoa majani ya chini. Piga dawa ya kinga kabla ugonjwa haujaonekana, na fuata lebo kuhusu muda wa kurudia na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

3. Upande wetu ukipoa: weka matandazo, mwagilia alfajiri kwenye shina, na usipande eneo kubwa kuliko maji uliyonayo.

4. Wenye mikorosho Kisarawe, msidanganyike na kukosekana kwa mvua. Ubwiriunga unapenda hewa yenye unyevu hata bila mvua. Kagua machipukizi na maua kila wiki, na salfa ipulizwe asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia.

5. Tengeneza kipimo chako. Chukua vipimajoto viwili vinavyofanana, kimoja kizungushie kitambaa chenye maji, vitundike kivulini penye hewa. Vikisoma karibu sawa, hewa imejaa unyevu: kaa macho na ukungu. Vikipishana sana, hewa ni kavu: angalia maji.

Andika vipimo hivyo kwenye daftari asubuhi na saa nane mchana. Baada ya msimu mmoja utalijua shamba lako kuliko mimi.

Haya, kazi njema. Tukutane shambani!