Tujifunze Kiingereza: "Balance" ni Nini Hasa?

Wengi wenu mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu mlipoingia kidato cha kwanza mkakuta vitabu karibu vyote ni Kiingereza. Neno moja linaweza kukufuata kutoka kipindi cha Bayolojia hadi cha Kemia, na kutoka hapo hadi dirishani kwa mhasibu wa shule, na kila mahali lina maana yake. Leo tuchambue neno "balance". Usidhani ni mambo ya mtihani tu. Kuna mahali ukilielewa vibaya unaweza kumdhuru mtu, kama utakavyoona.

Neno hili asili yake ni Kilatini, "bilanx", maana yake sahani mbili. Ni ile mizani ya zamani ya dukani: sahani huku na sahani huku, jiwe la kilo upande mmoja na sukari upande wa pili. Hata leo mizani ya maabara inaitwa "balance".

Haya, ukiwa na picha ya mizani hiyo kichwani, nenda kwenye Kemia. Mwalimu anasema "balance the equation". Anataka pande mbili zilingane kabisa: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Hesabu mwenyewe. Kushoto kuna atomu 4 za haidrojeni na 2 za oksijeni, na kulia ni hivyo hivyo. Hapa "balance" ni sawa kwa sawa, bila mjadala.

Kwenye mwili, "balance" ni uwezo wa kusimama bila kuyumba. "I lost my balance and fell": nilipepesuka nikaanguka. Kazi hii hufanywa na macho, misuli, ubongo na, usishangae, sikio! Ndani kabisa ya kila sikio kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji. Ukizunguka kama pia halafu ukasimama ghafla, majimaji yale yanaendelea kuzunguka kwa muda, ndiyo maana unaona dunia nzima inakwenda mbio. Pombe nayo huvuruga mpangilio huu wa sikio na ubongo. Ndiyo maana mlevi anayumba hata kwenye barabara iliyonyooka.

Sasa tuje kwenye chakula. Kwanza andika vizuri: ni "balanced diet", si "balance diet". Hiyo "d" ya mwisho wanafunzi wengi huisahau. Pili, hapa hatusemi sawa kwa sawa tena. Hakuna anayekuambia upime ugali gramu 200, maharage gramu 200 na mafuta gramu 200! Maana yake ni kwamba kila aina ya chakula iwepo kwa kiasi ambacho mwili unahitaji. Kiswahili tunasema mlo kamili, na kwa maoni yangu Kiswahili kimesema wazi zaidi, kwa sababu kinachotakiwa ni kitu kisikosekane. Ugali, maharage au dagaa, mchicha na kipande cha papai: huo ni "balanced diet", na wala si chakula cha matajiri.

Hapa ndipo penye hatari niliyoitaja. Mtu akiharisha hupoteza maji na chumvi. Vitabu vya Kiingereza husema tunampa kinywaji cha kurudisha "the balance of water and salts". Tuseme mdogo wako anaharisha, na nyumbani hakuna pakiti ya ORS. Wewe ndiye msomi wa nyumba. Ukikumbuka "balance" ya Kemia tu, unaweza kufikiri sukari na chumvi zilingane. Hapana! Kipimo ni hiki: maji safi ya kunywa lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi NUSU kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kufuta, visiwe vya kujaza mlima. Sukari husaidia chumvi ipenye kwenye ukuta wa utumbo, na maji huifuata chumvi. Lakini chumvi ikizidi huyavuta maji kutoka kwenye chembe hai za mwili, na mtoto anaweza kupata degedege. Kwa hiyo "balance" hapa ni kila kitu kwa kipimo chake. Pakiti ya ORS ikipatikana tumia hiyo, na mtoto akiwa analegea, anashindwa kunywa au anaharisha damu, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Tumalizie na fedha. Kwenye akaunti ya benki, "balance" ni salio, hela yako iliyobaki. Kwenye risiti ya ada, "balance 40,000/-" ni deni, yaani bado unadaiwa. Neno ni lile lile, lakini moja linakupa usingizi na jingine linakunyima! Tena ukimlipa muuza duka noti ya 10,000/- kwa kitu cha 7,000/-, ile 3,000/- anayokurudishia ni "change". Watu wengi huku kwetu husema "give me my balance", na muuza duka anaelewa, ila kwenye mtihani andika "change".

Jipime. Funika majibu kwanza. Sentensi hizi zina maana gani?

1. "Please pay the balance before Friday."
2. "She balanced the bucket on her head."
3. "He must find a balance between football and sleep."

Majibu: (1) Tafadhali lipa kiasi kilichobaki kabla ya Ijumaa. (2) Alibeba ndoo kichwani bila kuiacha ianguke. (3) Inabidi apange muda wake ili mpira usimnyime usingizi. Hapo si lazima saa zilingane, maana kijana wa umri wako anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na hakuna kocha anayetaka ucheze mpira saa zote hizo.