Fedha ya Mlimani

Mtu asimamaye mjini Arusha asubuhi isiyo na mawingu huuona mlima Meru umesimama mzima, umechongoka juu kama pia iliyopinduliwa. Lakini akizunguka mpaka Momella, upande wa mashariki, atashangaa. Ukuta wa upande ule haupo! Ulianguka maelfu ya miaka iliyopita, tumbo la mlima likabaki wazi, na ndani yake kimesimama kilima cha majivu. Mlima ni ule ule. Mtazamaji ndiye aliyekuwa upande mmoja.

Mtunga hadithi ya siri hufanya vivyo hivyo. Humweka msomaji upande mmoja, akamwonyesha mambo ya kweli, lakini si yote. Mtunzi mwema hadanganyi. Dalili huziweka waziwazi, ila mahali ambapo msomaji hupita kwa haraka, kisha, hadithi ikiisha, msomaji hurudi nyuma akajiuliza, "Mbona nilisoma neno hili, nisilione?" Mtunzi afichaye dalili zote amefanya hila tu, wala hadithi yake haistahili kusomwa mara ya pili.

Iko hadithi moja ya namna hii ambayo haikutungwa na mtu. Kutoka mitelemko ya Meru, anga likitakata, kilele cha Kibo huonekana mbali upande wa mashariki, cheupe, na mara nyingi ukungu hukificha chini hata hudhaniwa chaelea hewani. Zamani watu walisimulia kwamba weupe ule ni fedha, nayo yalindwa na pepo wabaya. Apandaye, walisema, baruti yake hukataa kuwaka, miguu yake hukakamaa, naye hufa. Mangi Rengwa wa Machame alituma kundi la watu wakaitazame fedha ile. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imepindika na kuharibika. Waliomwona walisema, "Ni kazi ya pepo."

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, aliyetoka pwani ya Mombasa kwenda Uchaga, aliona weupe juu ya mlima, akadhani kwanza ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, ni kitu gani. Naye akajibu neno moja tu: baridi. Hakutaja fedha wala pepo. Rebmann alizaliwa Ujerumani, nchi yenye theluji, akatambua mara moja.

Basi msomaji na arudi nyuma kidogo. Baruti ikiingia unyevu haiwaki. Miguu ikipigwa na baridi kali hukakamaa, na vidole huharibika. Kila jambo lililosimuliwa juu ya pepo lilikuwa kweli, isipokuwa pepo wenyewe. Mikono ya yule mtu aliyerudi Machame ilikuwa imekwisha kueleza siri yote, lakini hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Hata hivyo kisa hakikuisha hapo. Habari ya Rebmann ilichapwa Uingereza mwaka 1849, na mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, akaikataa. Theluji chini ya jua la ikweta! Alisema macho ya Rebmann yamemdanganya, akaandika hayo tena katika kitabu chake cha mwaka 1852. Cooley mwenyewe hakupata kufika katika nchi hizi. Alikuwa na vitabu vingi na ramani nyingi. Hapa mambo yamepinduka: watu wa Machame waliona kitu cha kweli wakakiita kwa jina lisilo lake, lakini bwana huyu alikikana kitu chenyewe, kwa kuwa hakikuwamo katika vitabu vyake. Ni vigumu kusema kwamba yeye alikuwa karibu na kweli kuliko wao.

Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, alipanda mlima ule kadiri ya futi 14,000, na usiku theluji ikamwangukia yeye na wenzake kambini. Alipopeleka habari hiyo Ulaya, wengi waliridhika. Cooley hakukubali.