Hasara ya Kubeti: Namna ya Kuikabili na Kujiwekea Mipaka
Somo kwa wakazi wa Ras Kitau na Kisiwa cha Manda

Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, ni mahali ambapo pesa huja kwa misimu. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, wageni huja, na nahodha, mpishi na mvuvi hupata riziki. Kusi ikianza kuvuma, kazi za hoteli hupungua na mashua nyingi hubaki ufuoni. Katika miezi hiyo ya ukata simu hugeuka kishawishi. Hakuna haja ya kuvuka maji kwenda Lamu: dau huwekwa kwa M-Pesa mtu akiwa ameketi barazani kwake.

Somo hili linaeleza mambo matatu: kwa nini anayebeti huelekea kupoteza, la kufanya pesa zikishapotea, na jinsi ya kujiwekea mipaka.

1. Hesabu iliyo nyuma ya dau

Chukulia dau lenye matokeo mawili yenye uwezekano sawa, na kampuni inalipa mara 1.90 kwa kila upande. Anayeweka shilingi 100 mara 100 ametoa shilingi 10,000. Akishinda nusu, yaani mara 50, atalipwa shilingi 9,500. Amepoteza shilingi 500 bila kuwa na bahati mbaya yoyote. Hayo ndiyo mapato ya kampuni.

Akiunganisha madau manne ya aina hiyo, malipo hufika kama mara 13, lakini uwezekano wa kushinda ni mara 1 kati ya 16. Kwa wastani, kila shilingi 100 hurudi kama 81. Akiunganisha manane, hurudi kama 66. Kadiri orodha inavyorefuka, ndivyo ahadi inavyokuwa kubwa na ndivyo fungu la mchezaji linavyopungua.

Jakpoti ya mechi 17 ina njia 129,140,163 za kujazwa, kwa kuwa kila mechi ina matokeo matatu. Kujua mpira husaidia kidogo tu mbele ya idadi hiyo.

Kodi nayo ipo. Tangu tarehe 1 Julai 2025, Sheria ya Fedha imeweka ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazoingizwa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine kwa zinazotolewa.

2. Pesa zikishapotea

Hasara ya kwanza mara nyingi si ile inayoangusha nyumba. Inayoangusha ni ile ya kuifukuza. Baharia aliyepoteza shilingi 2,000 za mafuta ya boti, kisha akachukua Fuliza ili "azirudishe", huamka asubuhi akiwa na deni, hana mafuta, na mteja amechukuliwa na boti nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Hatua za kufuata ni hizi:

• Kusimama siku hiyohiyo. Afute programu, azuie jumbe za matangazo, na aiombe kampuni imfungie akaunti.

• Kuandika hasara yote. Taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu huonyesha kila shilingi iliyotoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi hukumbuka walichoshinda tu.

• Kumwambia mtu mmoja anayeaminika: mke au mume, kaka, mjomba, au mweka hazina wa chama. Deni la siri hukua haraka kuliko deni linalojulikana.

• Kupanga malipo. Chakula na dawa kwanza. Kisha mikopo ya simu ambayo ada zake huongezeka kwa siku. Kisha mwenye duka, ambaye aghalabu hukubali kulipwa kidogokidogo akielezwa ukweli mapema.

3. Kiwango kinachofaa

Kwa Muislamu jibu lipo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90: kamari imekatazwa, na kiwango ni sifuri. Kwa yeyote anayefukuza hasara pia, kiwango salama ni sifuri.

Mtu mzima anayebeti na hataki kuacha, na ahesabu kwa mwezi wa kusi, si wa kaskazi. Mfano: mapato ni shilingi 12,000, mahitaji ya nyumbani 11,000, akiba 700. Zinabaki 300. Hizo ndizo za mwezi mzima, na zihesabiwe kuwa zimekwisha tumika, kama nauli. Mipaka mingine ni hii:

• Asibeti kwa pesa za kukopa, karo, mafuta au mtaji.
• Akishinda, kiwango kisipande. Ushindi uende kwenye akiba au deni.
• Asibeti usiku wa manane, akiwa na hasira, au mechi ikiendelea.
• Pesa za kazi zikae mbali na simu: kwenye chama, au kwenye akiba ya kufunga ya M-Shwari.

Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria kubeti. Mzazi asimpe mtoto nambari yake ya siri ya M-Pesa.

4. Dalili za hatari

Kuuza nyavu au simu, kudanganya nyumbani, kukosa usingizi, kukopa ili kubeti: mtu mwenye dalili hizi anahitaji msaada, si kusutwa. Anaweza kufika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu na kuomba kuzungumza na mhudumu, au kupiga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Wala familia isiogope kusema: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sheria inayomwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.

Maswali ya kujadili barazani

1. Je, pesa za msimu wa kaskazi huwekwa wapi, na nani anajua zilipo?
2. Chama kinaweza kumsaidiaje mwanachama aliyepoteza mchango wake bila kumwaibisha?
3. Vijana wa Ras Kitau wafanye nini jioni za kusi badala ya kubeti?