Maneno 45 kwa Dakika

Mtoto aliyefika gredi ya nne na bado anasoma silabi kwa silabi, akivuta pumzi kati ya “ki” na “ta” na “bu”, ana taabu ambayo mzazi haioni: akifika kwenye nukta, mwanzo wa sentensi umeshamtoka. Mjini Rongo na katika vijiji vya Kamagambo watoto wa aina hii si wachache. Wazazi wao, wakulima wa miwa na wachuuzi wa sokoni, huwanunulia kitabu kingine cha mazoezi au huwatafutia tuisheni. Watoto wa majirani ninaoketi nao jioni walikuwa na vitabu tele. Walichokosa ni kusoma kwa sauti kila siku mbele ya mtu anayesikiliza.

Kipimo kipo. Katika mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za umma kote nchini Kenya mwaka 2015, msomaji fasaha wa madarasa ya chini ni yule anayesoma maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, au 65 ya Kiingereza. Kiswahili kina idadi ndogo kwa kuwa maneno yake ni marefu.

Kabla ya mbio, mtoto apimwe alipo. Hapa nawaiga watu wa mpango wa Uwezo, ambao kuanzia 2009 walituma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba kuwapima watoto wa miaka 6 hadi 16 kwa mtihani wa kiwango cha darasa la pili: silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi. Anapokwama ndipo pa kuanzia, hata kama ndevu zimeanza kuota.

Wazazi huogopa kwamba kumrudisha mtoto nyuma ni kumdharau, lakini ushahidi unaonyesha vingine. Mwaka 2005 watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza kufuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizokuwa zimepewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika baadhi ya shule, watoto waligawanywa kwa uwezo wao. Katika nyingine, kwa bahati nasibu. Walionufaika zaidi ni waliogawanywa kwa uwezo, na hata wale wa mkondo wa chini walipanda.

Zoezi lenyewe ni fupi. Mkubwa anasoma aya moja huku mtoto akifuata kwa kidole, wanairudia pamoja, kisha mtoto anaisoma peke yake, simu ikihesabu dakika moja. Neno alilofikia linawekewa alama ya penseli. Anarudia aya ileile, na alama inasogea. Hakuna zawadi inayomfurahisha kuliko kuiona ikisogea. Mwisho aulizwe aya inasema nini, maana wapo wanaokimbia bila kuelewa chochote.

Jambo moja la kwetu huku: Dholuo haina sauti ya “sh” wala “z”. Mtoto akisoma “samba” palipoandikwa “shamba”, usimkatize. Muulize shamba ni nini. Akikuonyesha miwa, amesoma. Matamshi yana wakati wake, na anayekatizwa kila neno hatapata kasi kamwe.

Hesabu nayo inataka vivyo hivyo. Kujumlisha na kutoa hadi 20 kuwe kwa papo hapo, bila vidole, ingawa vidole si dhambi kwa anayeanza. Mchezo wa ajua, aina ya bao, husaidia, kwa kuwa mchezaji hodari huhesabu kete kwa macho kabla ya kuzigusa. Soko nalo ni darasa la bure: omena ya shilingi 30, noti ya 50, chenji ngapi? Aseme yeye kabla ya mama muuzaji.

Nani afundishe? Dada aliye sekondari ya msingi anatosha kabisa. Mwanafunzi wa ualimu wa Chuo Kikuu cha Rongo aliyepanga chumba jirani anatosha pia. Hata baba aliye Nairobi anaweza: shule zilipofungwa mwaka 2020, watoto nchini Botswana walifundishwa hesabu kwa simu ya kawaida ya takriban dakika 20 kwa wiki, wakapata nafuu iliyopimika, na njia hiyo baadaye ikajaribiwa Kenya na Uganda.

Tuisheni ya likizo imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na bado wazazi huilipia. Nyingi nilizoziona humrudishia mtoto somo lilelile lililompita darasani, tena kwa kasi ileile. Kabla hujatoa hela yako, chukua kitabu cha gredi ya pili leo jioni, mkalishe mwanao asome aya moja kwa sauti, na uhesabu maneno.